Siku 12 Pemba na Kikoi Kimoja: Tathmini ya Nilivyofungasha kwa Fukuto la Masika

Mtu aliyekulia Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na ambako sweta huvaliwa hata mchana wa Juni, hufungasha kwa kuogopa baridi hata anapokwenda mahali ambapo baridi haifiki. Nilipoarifiwa kwamba mwezi Aprili ningekuwa na kazi ya siku 12 Chake Chake, kisiwani Pemba, nilitoa koti begini mara mbili na mara mbili nikalirudisha, kabla ya kuliacha kabisa. Baada ya hapo nikaangukia kosa la pili, ambalo sisi watu wa nyanda za juu tunalifanya sana: nikajiandaa kwa ajili ya joto, ilhali kinachomtesa mgeni wa pwani wakati wa masika ni unyevu uliomo hewani kuliko joto lenyewe. Tathmini hii inahusu vitu vitatu nilivyovinunua kwa ajili ya safari hiyo, yaani kikoi, taulo la safari la maikrofaiba na mfuko usiopitisha maji, pamoja na vingine vichache nilivyokuwa navyo tangu zamani. Kila kimoja nimekipima kwa swali moja: kilifaa kiasi gani mahali ambapo nguo iliyofuliwa jioni bado ni mbichi asubuhi?

Ni haki kueleza hali ya hewa kabla ya kulaumu bidhaa. Masika huanza Machi na kumalizika Mei, na Aprili ndiyo kilele chake. Joto la mchana kwa wakati huo huwa karibu nyuzi 30, kiasi ambacho mtu wa Dodoma hakioni kuwa kitu, lakini joto la Dodoma ni kavu na jasho hukauka kabla mtu hajalipangusa. Mwili hupoa pale jasho linapogeuka mvuke na kuondoka na joto lake. Hewa ikiwa imekwisha kushiba maji, jasho halina pa kwenda, linabaki ngozini, linatiririka mgongoni na kulowesha kola, na mtu anabaki na joto lake vilevile. Hilo ndilo fukuto, na watu wa pwani hawakulipa jina lake la pekee bure. Mambo huzidi kuwa magumu kwa sababu Aprili ni wakati wa maleleji, kaskazi imekwisha na kusi bado haijashika, hivyo kuna saa nzima ambazo hata jani la mnazi halitikisiki. Kinachoupata mwili ndicho kinachoipata nguo kambani, kwani nayo hukauka kwa maji yake kuchukuliwa na hewa.

Njia yangu ilikuwa basi hadi Dar es Salaam, boti ya mwendo kasi ya takriban saa mbili hadi Unguja, kisha chombo kingine hadi bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Begi lilikuwa la lita 40, la kitambaa, lisilo na magurudumu. Wanaokwenda kwa ndege ndogo nao hawana budi kufungasha hivyo hivyo, maana nyingi za ndege hizo huruhusu kilo 15 tu na hutaka begi laini linaloweza kusukumwa pembeni.

Taulo la maikrofaiba nililinunua Dar es Salaam kwa bei ambayo ingenunua vikoi viwili na chenji ikabaki. Karatasi yake iliahidi mambo mawili, kwamba linanyonya maji mengi na kwamba linakauka upesi. Ahadi ya kwanza ni ya kweli. Nyuzi zake ni za poliesta na nailoni, ambazo zenyewe hazinywi maji sana; maji hukaa katika nafasi nyembamba zilizo baina ya nyuzi, ndiyo maana taulo hilo likikamuliwa kwa nguvu hutoa karibu yote. Mizani ya jikoni kwangu ilionyesha gramu 190, na likikunjwa linaingia ndani ya soksi. Siku tatu za kwanza sikuwa na neno. Siku ya nne likaanza kunuka, si uvundo mkali, bali ile harufu ya dekio lililosahauliwa nyuma ya mlango. Nikalifua kwa sabuni ya mche, likatulia siku moja, kisha harufu ikarudi. Poliesta hung'ang'ania mafuta ya mwili, na mafuta hayo yakikutana na unyevu usiokatika, vijidudu huneemeka. Lawama kubwa zaidi, hata hivyo, naiweka kwa kile kifuko cha zipu kilichouzwa pamoja nalo. Mtengenezaji amemtayarishia mnunuzi mahali pa kulifungia taulo likiwa bichi, na mahali hapo hapana hata tundu moja la kupitisha hewa.

Kasoro ya pili ya taulo hilo haitokani na kitambaa chake, bali na kimo chake. Nilikaa katika nyumba ya wenyeji ambayo bafu lake liko uani, na kati ya bafu na chumba changu palikuwa na ukumbi ambao akina mama walikaa wakichambua mchele. Mwanamume mwenye heshima zake hawezi kupita hapo amejifunga kitambaa kilichoenea nusu ya paja. Taulo lililotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa peke yake katika chumba chenye bafu ndani halikuwaza habari ya ukumbi wala ya akina mama.

Kikoi nilikinunua Darajani, Unguja, nikisubiri chombo cha Pemba, kwa shilingi 20,000 baada ya mapatano mafupi. Kilikuwa chekundu, chenye mistari ya njano na nyeupe pembeni na matamvua kwenye ncha zote mbili, nacho baadaye mizani ilionyesha gramu 310. Sikukinunua kama taulo. Nilikinunua kwa sababu muuzaji alikuwa mcheshi na mvua ilikuwa inanyesha. Usiku wa kwanza nilikitumia kama shuka, kwa kuwa shuka la kitanda lilikuwa zito kwa hali ile, na hapo ndipo nilipoanza kukitazama kwa makini. Pamba ina tabia ya kunywa unyevu ndani ya uzi wenyewe, kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Jambo hilo hufanya kikoi kilicholala juu ya ngozi yenye jasho kisigande, bali kinalinywa jasho polepole na kumwachia mtu hisia ya ukavu, ijapokuwa kitambaa chenyewe si kikavu. Kwa mtu anayejaribu kulala saa sita za usiku umeme ukiwa umekatika na panka limesimama, hisia hiyo ina thamani.

Kuanzia hapo kilifanya kazi ambazo taulo lisingeweza kuzifanya. Kilinisitiri uani. Kilikuwa msuli wangu jioni, vazi ambalo wanaume wa pale hulivaa majumbani mwao, na ambalo kwa hali ya hewa ya fukuto linaishinda suruali yoyote iliyowahi kushonwa, maana hewa inapita chini na hakuna mshono unaosugua mapaja. Chomboni kilikuwa mtandio wa kuzuia kiyoyozi, ambacho kwenye boti zetu huwashwa kana kwamba abiria ni samaki. Siku moja kilikuwa pazia.

Kazi iliyonishangaza zaidi ilikuwa ya kukaushia nguo nyingine. Shati likishafuliwa na kukamuliwa kwa mikono, hutandazwa juu ya kikoi kikavu, vyote viwili hukunjwa pamoja kama mkeka, kisha ncha mbili hushikwa na kusokotwa hadi mikono iume. Maji yaliyobaki katika shati huhamia kwenye kikoi. Shati nililolifanyia hivyo saa mbili usiku na kulitundika chini ya panka lilikuwa tayari kuvaliwa asubuhi, na lile ambalo sikulifanyia hivyo lilikuwa bado baridi kwenye makwapa na kwenye kola. Ukweli ni kwamba kikoi chenyewe hubaki kimelowa, na hivyo tatizo linakuwa limehamishwa tu. Lakini kikoi ni kipana na chembamba kuliko shati, hakina mifuko wala mishono, na hukauka upesi zaidi.

Hukauka upesi, nasema, kikitundikwa mahali panapostahili. Siku mbili za mwanzo nilikianika ukutani uani, palipopigwa na jua, na kila mara mvua ilikiwahi kabla yangu. Siku ya tatu, nilipomwamkia mama mwenye nyumba, mtu mzima ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alinipa marahaba yangu kisha akaniambia: "Mwanangu, hapa wakati wa masika nguo haikauki kwa jua, inakauka kwa upepo. Itoe huko ukutani, uitundike hapa baina ya milango miwili." Nikafanya hivyo. Kikoi kilichokuwa kikichukua siku nzima, pamoja na kuanuliwa mara tatu, kilikauka kabla ya adhuhuri, ndani ya nyumba, mvua ikinyesha nje. Ndiyo maana nasema kamba nyembamba ya mita nne au tano na vibanio sita ni mzigo wenye faida kuliko shati la tano. Kamba hiyo huwekwa mahali penye mkondo wa hewa, hata kama ni penye giza.

Kikoi hicho kina kasoro zake, nami siwezi kuzificha. Kikiwa kipya hakinyonyi maji. Kiwandani hutiwa wanga ili kikae wima dukani, na mpaka kifuliwe mara mbili au tatu, maji huteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Kilichuja rangi pia. Muuzaji aliniambia nikiloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha, nami nikakiloweka, na bado siku ya pili fulana yangu nyeupe iliyokuwa ndoo moja nacho ikatoka na rangi ya waridi. Matamvua yake yalinaswa na zipu ya begi mara mbili. Na kwa uzito, gramu 310 si mzaha kwa msafiri anayehesabu kila kitu, ingawa mtu akitoa begini taulo, shuka, nguo ya kulalia na mtandio ambavyo kikoi kimevichukulia nafasi, hesabu inageuka.

Mwenzangu mmoja wa kazini, mwalimu wa kike kutoka Songea, hakuwa na taulo wala kikoi. Alikuja na doti moja ya kanga za zamani, akaikata, akawa na kanga mbili. Niliona mwanzoni kwamba amejinyima, lakini nimekuja kuamini kwamba kati yetu yeye ndiye aliyefungasha kwa akili zaidi. Kanga ni nyembamba kuliko kikoi, hivyo inakunywa maji kidogo zaidi na kuyaachia mapema zaidi. Yake ilitangulia kukauka kwa saa mbili hivi kila siku tulipolinganisha. Isitoshe, kwa kuwa zilikuwa mbili, moja ilikuwa kambani na nyingine mwilini, hivyo hakuwahi kujifuta na kitu kibichi. Zilikuwa zimefuliwa miaka mingi, wanga na rangi ya ziada vimekwisha zamani. Laiti ningelijua, ningeliacha kikoi kipya dukani na kwenda na vile viwili vilivyochakaa nilivyoviacha kabatini Njombe.

Mfuko usiopitisha maji, wa lita 20, ule ambao mdomo wake hukunjwa mara tatu na kufungwa kwa kibanio, ulifanya kile ulichotangaza. Tulishuka Mkoani mvua ikimwagika, begi langu likakaa gatini kwa muda usio mfupi, na nguo zote zilizokuwa nje ya mfuko huo zililowa, wakati kompyuta ya mpakato, vyeti na vitabu vilivyokuwa ndani yake vilitoka vikavu kabisa. Kwa kazi hiyo naupa sifa zote. Kosa lilikuwa langu pale nilipougeuza kuwa mfuko wa nguo chafu. Mfuko usioruhusu maji kuingia hauruhusu pia kutoka, na soksi mbili zenye jasho zilizofungiwa humo Ijumaa zilikutwa Jumatatu zimetoka madoa meusi ya ukungu ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa.

Zamani tungetumia rambo kwa nguo chafu, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikwisha kutangulia katika jambo hilo miaka mingi kabla. Kwa nguo, naliona katazo hilo kama baraka. Ile mifuko mbadala ya kitambaa chepesi inayouzwa sokoni kwa bei ndogo hupitisha hewa, na nguo chafu zilizokaa humo hunuka jasho tu, ambalo hutoka kwa maji na sabuni, wala hazipati ukungu. Msafiri achukue mitatu.

Kuhusu mavazi sina mengi, kwa kuwa watu wa Pemba wameshalijibu swali hilo kwa kanzu na dera, yaani vazi pana, refu, lisiloshika mwili. Suruali yangu ya jinzi ilichukua siku tatu kukauka na sikuivaa tena. Jezi ya mpira ilikauka kwa usiku mmoja lakini ilinuka kabla ya saa sita mchana. Mashati mawili ya pamba nyepesi, mikono mirefu, yaliyozidi kipimo changu kidogo, ndiyo yaliyobeba safari nzima. Yalizuia jua na mbu, tena yaliheshimu mji ambao watu wake ni Waislamu na ambao kaptura na fulana za mikono wazi si mavazi ya kwenda nayo sokoni. Mkanda wa ngozi ulikuwa na vumbi la kijani siku ya nane. Viatu vya ngozi vivyo hivyo, navyo nilivivaa mara moja tu. Kandambili na makubadhi vilitosha kwingine kote. Chini ya mkanda huo huo nilipata harara, vile vipele vinavyochoma kama sindano, na iliyonisaidia ni kuacha mkanda, kuoga mara mbili na kujipaka poda baada ya kukauka sawasawa.

Dawa zinahitaji neno. Paketi nyingi zimeandikwa kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 na mbali na unyevu, na katika mazingira yale masharti hayo mawili ni vigumu kuyatimiza, hivyo vidonge vibaki katika karatasi zake za kiwandani mpaka dakika ya kumezwa, visihamishiwe kwenye kikopo kwa ajili ya kuokoa nafasi. Pakiti za ORS zichukuliwe nne au tano, kwa kuwa anayetokwa jasho mchana kutwa hupoteza chumvi pamoja na maji. Kila moja huchanganywa na lita moja ya maji safi na kunywewa ndani ya saa 24, na pakiti iliyofunguliwa nusu isiwekwe akiba, maana kesho yake itakuwa jiwe. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET ilifanya kazi vizuri sana jioni, ila watumiaji wajue kwamba kemikali hiyo huyeyusha baadhi ya plastiki. Kioo cha saa yangu, ambacho nilidhani ni kioo kweli, kilipata doa la ukungu lisilofutika. Pamba haidhuriki nayo. Sabuni ya mche iliishinda ya unga, ambayo ilikuwa bonge moja kufikia siku ya tano, na punje chache za mchele ndani ya kikopo cha chumvi ziliihifadhi chumvi kama ambavyo zimekuwa zikifanya mezani kwa watu wa pwani siku zote.

Kwa anayetaka kununua kikoi kwa ajili ya safari ya namna hii, nashauri akiangalie kwa kukiinua kwenye mwanga: kinachopitisha mwanga kidogo katika mfumo wake kitakauka, na kizito kisichopitisha chochote kinafaa zaidi kwa baridi ya kwetu. Akitazame kama ni pamba tupu, kwa kuwa siku hizi viko vilivyochanganywa na poliesta, navyo huteleza mkononi na kung'aa isivyo kawaida. Apake mate kidogo kwenye kidole na kusugua pembe yenye rangi nzito, na kidole kikitoka na rangi, akirudishe au akubali kukifua peke yake mwezi mzima. Akinunue majuma mawili kabla ya safari, akifue mara tatu, akivae nyumbani ajifunze kukunja pindo kiunoni lisije likamfunguka mbele za watu. Mimi nilikichagua changu kwa rangi, chini ya mvua, dakika 40 kabla ya chombo kuondoka, na ile fulana ya waridi ninayo hadi leo.